Kupima mnyumbuko kwenye maungio ya mbao yaliyogundishwa: kutoka kibao hadi modeli

Fundi akitaka kujua kama gundi imeshika, huvunja kiungo, huangalia kilipovunjikia, kisha hugawa mzigo kwa eneo lililogundishwa. Ukitaka tu kulinganisha gundi mbili za dukani, hiyo inatosha. Ukitaka kubuni kiungo haitoshi, kwa sababu mzigo hausambai sawa kwenye eneo lote. Ncha hubeba zaidi, katikati hubeba kidogo, na ukirefusha eneo mara mbili hupati nguvu mara mbili.

Mwongozo huu unafuata kiungo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kukiandaa, kukipima, kukifanyia hesabu kwa mkono, kisha kukiundia modeli kwenye kompyuta. Nina msimamo mmoja ambao namba zitauonyesha zenyewe. Fomula nyingi za viungo vya gundi zilitungwa kwa ajili ya chuma na alumini, ambako gundi ndiyo kitu laini kuliko vyote. Kwenye mbao yenye gundi nyembamba, mbao yenyewe ndiyo inayolegea. Ukizihamisha fomula hizo kama zilivyo, utapata jibu lenye kosa la mara nne na zaidi.

Maneno tutakayotumia ni machache. Mkazo ni nguvu kwa eneo, kwa N/mm². Mnyumbuko ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa mwanzo: kibao cha mm 100 kikirefuka mm 0.04, mnyumbuko wake ni 0.0004, na hapa nitauita maikro 400. Mkazo wa kupishana ni ule unaotaka kuitelezesha mbao moja juu ya nyingine, na mkazo wa kubandua ni ule unaotaka kuziachanisha.

Hatua ya 1: Andaa kiungo rahisi

Kiungo cha tundu na ulimi kisubiri. Anza na kiungo cha kupandana: vibao viwili, ncha ya kimoja imelalia ncha ya kingine, kila kimoja kinavutwa upande wake. Viwango vya Ulaya EN 205 na EN 302-1 vinatumia umbo hilo, kwa vibao vya beech (mti wa mbao ngumu wa Ulaya) vyenye upana wa mm 20, vikipandana mm 10 tu. Kwa kupanga gundi madaraja ni sawa, ila mm 10 ni fupi mno kwa mtu anayetaka kuona mnyumbuko unavyobadilika kutoka ncha hadi ncha. Sisi tutatumia upana mm 25, unene mm 10 kwa kila kibao, na kupandana mm 50. Kila kibao kiwe na urefu wa mm 250.

Mbao iwe mkangazi. Mabaki yake hayakosekani kwenye karakana za fanicha, na sifa za jenasi yake, Khaya, zimechapishwa: ukakamavu (mkazo ÷ mnyumbuko) kuelekea nyuzi ni karibu N/mm² 10,000 mbao ikiwa kavu. Shida yake ni kwamba nyuzi hupenda kupishana. Chagua kipande ambacho ukichana ukingo wake kwa patasi, ufa unakwenda moja kwa moja.

Unyevu uweke sawa kabla ya kugundisha. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko, weka ndani bakuli la chumvi ya mezani iliyoloweshwa kwa maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, panga vibao juu ya vijiti, funga. Chumvi hiyo itaishikilia hewa ya ndani kwenye unyevunyevu wa asilimia 75 hivi, na mbao itatulia karibu na asilimia 14. Pima uzito kila siku kwa mizani ya gramu. Uzito ukiacha kubadilika, mbao iko tayari.

Piga randa nyuso siku ileile ya kugundisha. Msasa peke yake huacha vumbi kwenye vitundu. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, funga kwa klempu kwa nguvu ya N 1,000 hivi, na ufute gundi yote iliyotokeza nchani, maana tone lililoganda pale hubadilisha mkazo mahali unapotaka kupimia. Acha siku 7. Kisha gundisha kipande chenye unene wa mm 10 kwenye kila mwisho wa kushikia, ili mstari wa kuvuta upite kwenye gundi, na utoboe tundu la boliti ya mm 8, angalau mm 50 kutoka ukingoni.

Hatua ya 2: Mzigo

Ukiwa karibu na chuo chenye mashine ya kuvutia, kama maabara za mbao za SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, omba muda. Usipokuwa karibu, wenzo na ndoo ya maji vinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua bomba la chuma, weka egemeo, kiungo kivutwe mm 100 kutoka kwenye egemeo na ndoo ining'inie mm 1,000 kutoka hapohapo. Kila lita ya maji inakuwa N 98 kwenye kiungo. Lita 10 zinakaribia N 1,000, na huo ndio mzigo wetu wa kazi: mkazo wa wastani wa kupishana unakuwa N/mm² 0.8, ambao hauharibu kitu. Ukiweza, ongeza seli ya mzigo (kifaa cha kupima nguvu) ya umbo la S, kwa sababu egemeo lina msuguano.

Ndoo ining'inie sentimita chache tu juu ya tairi kuukuu. Kiungo kikiachia bila taarifa, bomba hilo halina huruma.

Mimina lita 2 kwa wakati mmoja, subiri sekunde 60, soma, endelea. Muda uwe uleule kila mara kwa sababu gundi nyeupe hutambaa polepole ikibeba mzigo. Na usipime saa sita mchana chini ya mabati: gundi hii huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi, na utajikuta unapima jua.

Hatua ya 3: Geji

Geji ya mnyumbuko ni waya mwembamba uliokunjwa kwenye karatasi ya plastiki. Ukirefuka, ukinzani wake unaongezeka. Kipimo cha mwitikio wake huwa karibu 2, kwa hiyo kwenye daraja la Wheatstone (saketi ya vipinga vinne) lenye geji moja, volti inayotoka ni volti ya kulishia × 2 × mnyumbuko ÷ 4. Kwa V 5 na maikro 400 unapata mV 1. Moduli ya HX711 inayouzwa kwa ajili ya mizani inasoma hadi mV 20 kila upande, na ikiunganishwa na Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) inatosha kabisa.

Mambo matatu ndiyo yanayoharibu kazi hapa.

La kwanza ni joto. Chuma hunyonya joto la geji, mbao hailinyonyi. Geji ya Ω 120 kwenye daraja la V 5 inatoa mW 52, ya Ω 350 inatoa mW 18, na ya Ω 1,000 inatoa mW 6. Nunua ya 350 au ya 1,000, uiwashe robo saa kabla ya kusoma.

La pili ni vipinga vitatu vinavyokamilisha daraja. Kipinga kinachoruhusiwa kosa la asilimia 1 kinaweza kukusukuma mV 12.5 kabla hujaweka mzigo wowote, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wa HX711 imeshaliwa. Tafuta vya asilimia 0.1.

La tatu ni kubandika. Supa gluu ikimwagwa moja kwa moja kwenye mbao hunywewa. Piga msasa namba 220, futa kwa spiriti, paka epoksi nyembamba sana kama rangi, iache ikauke, iguse tena kwa msasa, halafu ndipo ubandike geji kwa supa gluu. Chagua geji yenye urefu wa mm 10 hivi, ili isome wastani wa pete kadhaa za ukuaji na si kichirizi kimoja cha mbao ngumu.

Bandika nne, kila moja na HX711 yake. Mbili ziwe mbali na kiungo, katikati ya sehemu iliyo wazi, moja mbele na nyingine nyuma ya kibao kilekile. Mbili nyingine ziwe hivyohivyo, mm 5 kabla ya ncha ya eneo la kupandana. Huu mpangilio wa mbele na nyuma usiupuuze hata kama geji ni ghali. Mwaka 1944 watafiti Goland na Reissner walionyesha kwamba kiungo cha kupandana hujipinda kikivutwa, kwa sababu vibao viwili haviko kwenye mstari mmoja. Mzigo ukiwa mdogo, mpindo pale nchani huongeza uso mmoja mnyumbuko unaokaribia mara 3 ya ule wa kuvuta na kuupunguza vivyo hivyo upande wa pili. Kwa mzigo wetu, kuvuta peke yake ni maikro 400. Uso mmoja wa nchani unaweza kukaribia 1,600 na mwingine ukabanwa hadi −800. Mwenye geji moja atasema mbao yake ni dhaifu mara nne, au kwamba inafupika ikivutwa. Jumlisha mbili ugawe kwa 2, unapata kuvuta. Toa moja kwenye nyingine ugawe kwa 2, unapata kupinda.

Hakiki waya zako kabla ya kuamini chochote. Kipinga cha kΩ 175 kikiunganishwa sambamba na geji ya Ω 350 kinaiga mnyumbuko wa karibu maikro 1,000, ila kwa alama hasi. Usipoiona namba hiyo, tatizo liko kwenye waya au kwenye programu yako.

Geji za mbali zinakupa zawadi ya kwanza: ukakamavu wa mbao *yako*, si wa kitabu. N 1,000 kwa mm² 250 ni N/mm² 4. Zikisoma wastani wa maikro 400, ukakamavu ni 10,000. Zikisoma 450, ni 8,900, na hiyo ndiyo utakayoingiza kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Kamera

Geji haiingii ndani ya kiungo. Kamera ikielekezwa ubavuni inaona unene wote wa vibao viwili na mstari wa gundi kati yao. Paka ubavu rangi nyeupe isiyong'aa, kisha nyunyiza madoadoa meusi. Programu za bure kama Ncorr na DICe hufuata kila kundi la madoa kutoka picha moja hadi nyingine na kukuambia limesogea kiasi gani.

Simu yenye picha ya pikseli 4,000 kwa upana, ikitazama mm 80, inakupa pikseli 50 kwa milimita. Doa zuri lina pikseli 3 hadi 5, yaani mm 0.06 hadi 0.1. Kopo la rangi ukiliminya taratibu kutoka mbali linafika karibu. Ukilibonyeza kwa nguvu unapata matone ya kufaa ukuta. Kamera iwe kwenye stendi, mbali, ukitumia zuumu ya lenzi. Kibao kikisogea mm 0.5 kuelekea kamera iliyo mm 500, picha yote inakua kwa maikro 1,000 za uongo. Kabla ya kuweka maji, piga picha mbili bila mzigo na uzilinganishe. Chochote programu itakachoita mnyumbuko hapo ni kelele yako.

Sasa tazama kinachopimika. Ugumu wa mkangazi dhidi ya kupishana (mkazo wa kupishana ÷ mnyumbuko wa kupishana) upo kati ya N/mm² 590 na 880, kutegemea pete zimelalaje. Zikiwa mshazari nachukua 700. Gundi nyeupe iliyokauka nachukua 300, unene mm 0.1. Kwa mkazo wa 0.8, kutoka katikati ya kibao kimoja hadi katikati ya kingine mbao inapishana karibu mm 0.009, sawa na pikseli 0.4, ambayo kamera inaiona bila shida. Gundi yenyewe inapishana mm 0.00027, yaani pikseli 0.013, na hiyo inazama kwenye kelele. Anayekuambia amepima mnyumbuko ndani ya gundi nyembamba ya mbao kwa simu, muulize vizuri.

Hatua ya 5: Hesabu ya mkono

Mwaka 1938 mtafiti Volkersen aliandika hesabu ya mkazo wa kupishana unavyorundikana nchani. Vibao vikiwa sawa:

kilele ÷ wastani = (ωL/2) ÷ tanh(ωL/2)

ω² = (2 ÷ (E·t)) ÷ S

Kilele ni mkazo mkubwa kabisa, ule wa nchani, na tanh ni kitufe cha kikokotoo cha kisayansi. L ni urefu wa kupandana, E ukakamavu, t unene wa kibao. S ni ulegevu wa kile kinachopishana, na hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Volkersen aliweka gundi tu: unene wake ÷ ugumu wake, yaani 0.1 ÷ 300 = 0.00033. Ukiendelea unapata ω = 0.245 na kilele mara 6.1 ya wastani. Ukibadili gundi kuwa epoksi yenye ugumu wa 1,000, kilele kinapanda hadi mara 11, kana kwamba gundi bora inaharibu kiungo.

Weka ulegevu wa mbao pia. Kwa vibao viwili ni 2·t ÷ (3 × 700) = 0.0095. Jumla ya S ni 0.0099, na humo gundi ina sehemu ya asilimia 3 tu. Sasa ω ni 0.045 na kilele ni mara 1.4. Ukiweka epoksi, bado ni mara 1.4. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kubishana mwaka mzima kuhusu gundi ipi inalegea zaidi wakati kinacholegea ni mkangazi.

Fomula hiyohiyo inajibu swali la urefu. Ongeza kupandana kutoka mm 50 hadi 100 kwa mzigo uleule: wastani unashuka nusu, lakini kilele kinashuka kutoka N/mm² 1.11 hadi 0.92 tu. Umetumia gundi mara mbili ukapunguza kilele kwa asilimia 17.

Gundi inarudi kuwa na usemi katika hali mbili: ikiwa laini sana, kama silikoni, au gundi nyeupe ikipata joto au maji. Ugumu ukishuka hadi 10, gundi na mbao vinalegea karibu sawa.

Hatua ya 6: Modeli ya kompyuta

Hesabu ya mkono haijui kubandua wala kupinda. CalculiX ni programu ya bure inayokokotoa mikazo kwa kugawa umbo kuwa vipande vidogo (elementi), na unaweza kuchora umbo kwenye FreeCAD, programu ya kuchora, kisha ukafungua faili la .inp na kuandika sifa za mbao mwenyewe. Mhimili wa 1 ni kuelekea nyuzi, wa 2 kutoka moyo wa mti kwenda gome, wa 3 kufuata pete. Kwa mkangazi, kwa N na mm, mahali pa kuanzia ni:

*ELASTIC, TYPE=ENGINEERING CONSTANTS
10000, 1110, 500, 0.30, 0.64, 0.60, 880, 590
210

Angalia namba tatu za mwanzo. Mbao iliyo ngumu 10,000 kwa urefu ina 500 tu kwa upana wake. Aliyeingiza 10,000 pande zote amechora chuma laini chenye rangi ya mbao. Pete zikiwa mshazari, zungusha mihimili kwa *ORIENTATION. Pima pembe kwenye ncha ya kibao kwa kipimapembe cha shule.

Washa chaguo la NLGEOM ili modeli ijipinde kadiri inavyovutwa. Gundi iwe na angalau elementi 3 kwenye unene wake, na elementi ziwe ndogo nchani, kubwa kwingineko. Usiripoti mkazo wa juu kabisa unaoonyeshwa kwa rangi nyekundu kwenye kona. Pale kona kali hesabu haina mwisho: ukipunguza elementi nusu, namba inapanda, ukipunguza tena inapanda tena. Soma mm 1 kutoka nchani, kila mara palepale. Kwa geji, chukua wastani wa mnyumbuko kwenye mm 10 zilezile ilipobandikwa.

Kulinganisha kufuate mpangilio. Kwanza geji za mbali: rekebisha E hadi zikubaliane. Pili, tofauti ya mbele na nyuma karibu na ncha: isipokubaliana, kagua boliti na mstari wa kuvuta, usiguse sifa za mbao. Tatu, kupishana kulikoonwa na kamera: rekebisha ugumu wa mbao wa kupishana. Gundi iache ilivyo. Ukijikuta unashusha ugumu wake hadi 5 ili mistari ilingane, umekosea mahali pengine, mara nyingi unene wa kibao au mwelekeo wa pete.

Hatua ya 7: Maji

Mkangazi hunywea asilimia 4.5 kufuata pete na 2.5 kuelekea moyo, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Ukigawa kwa asilimia 30 za unyevu, kila asilimia 1 inaleta maikro 1,500 upande mmoja na 830 upande mwingine. Ndoo yetu nzima ililetea mbao maikro 400. Kwa hiyo mlango ukiachwa wazi mvua ikinyesha, geji iliyobandikwa kukata nyuzi itasoma mvua. Kwa ajili hiyo weka kibao cha kando kisichobeba kitu, cha mti uleule, chenye geji yake, na utoe usomaji wake kwenye ule wako. Kuelekea nyuzi hali ni nafuu, makumi tu ya maikro kwa kila asilimia.

Kwenye fanicha halisi maji ndiyo mzigo mkuu. Ubao wa mm 100 uliogundishwa Dar es Salaam ukakatiza nyuzi za mwenzake, ukipelekwa Dodoma na kupoteza asilimia 4 za unyevu, unataka kufupika mm 0.6 wakati mwenzake hataki. Hili unaweza kulimodeli bila programu mpya: CalculiX inajua kupanuka kwa joto, nawe unaiambia kwamba "digrii" 1 ni asilimia 1 ya unyevu.

*EXPANSION, TYPE=ORTHO
0.00005, 0.0008, 0.0015

Punguza joto kwa "digrii" 4 na utaona ncha za kiungo zikibanduka bila mtu kukalia kiti. Mikazo itatoka mikubwa kuliko halisi, kwa kuwa mbao hutambaa na kujilegeza kwa wiki na miezi huku modeli ikidhani yote yametokea papo hapo. Ichukue kama kikomo cha juu.

Vipimo vikiisha, rudisha kiungo kwenye mashine au jeki ukivunje. Piga picha nyuso zote mbili chini ya mwanga wa ubavuni, chora vijisanduku vya mm 5, uhesabu vyenye nyuzi za mbao zilizong'oka na vyenye gundi tupu. Anza na vya nchani, uvilinganishe na mahali modeli ilipoonyesha kubandua.